Matheka Anajifunza Kuuliza

Kiingereza cha Matheka kilikuwa kizuri kuliko cha mchongaji mwingine yeyote katika banda lao la Gikomba, na hakikuwa na swali hata moja ndani yake.

Angeweza kumweleza Mjerumani habari za mti wa muhugu tangu unapoangushwa hadi unapopakwa rangi nyeusi ya viatu ukajifanya mpingo. Alijua kutaja pembe, ukwato, ufa wa mti uliokaushwa kwa haraka, na namna ya kufunga shingo ya twiga isivunjike ndani ya ndege. Lakini kuuliza, hapana. Mjomba wake Wathome, aliyemfundisha kushika tezo, ndiye aliyemfundisha pia kushika mteja, na somo la mteja lilikuwa fupi: swali lina mlango wa nyuma. Ukimwuliza mgeni kama amempenda kifaru huyu, umemfungulia. Atasema hapana, atatoka, na kifaru atabaki akikutazama mpaka jioni. Usimwulize. Mwambie. "You like this one." "You come from very far." "You take two, one for the mother." Mgeni huona haya kumkatalia mtu anayetabasamu. Huitikia kwa kichwa kabla hajajua ameitikia nini, na akija kujua, mkono umeshaingia mfukoni.

Basi siku aliyompigia simu Madam wa Muthoki, Matheka alifanya kama alivyofundishwa.

Muthoki ni mkewe, mama wa mtoto wao Wanza. Alikuwa katika mwaka wake wa pili kwenye nyumba ya watu, katika mji mmoja wa Ghuba, akifua, akipika na kulea mapacha. Kila Ijumaa alipiga simu. Kisha Ijumaa moja ikapita kimya, na iliyofuata nayo ikapita vilevile. Ujumbe aliotuma Matheka ulibaki na tiki moja, kama mtu aliyebisha hodi na kuachwa nje. Wakala aliyemsafirisha alisema wangoje, na alipoulizwa tena akasema wangoje. Namba pekee iliyobaki ilikuwa ya mwajiri, ambayo Muthoki aliwahi kuitumia mara moja simu yake ilipokwisha chaji. Matheka alikuwa ameibeba mfukoni tangu Jumatatu bila kuthubutu kuipiga.

"Buda, piga," alisema Mativo, jirani yake wa banda, bila kuinua macho kutoka kwenye sikio la tembo alilokuwa akilipiga msasa. "Unaogopa mwanamke ambaye hata hajawahi kukuona sura? Akikuona ndiyo aogope yeye."

Matheka akaketi juu ya gogo. Akafuta vumbi la mti kwenye kioo cha simu, akapiga. Simu ikalia huko mbali kwa mlio usio wa hapa kwetu, mrefu na mkavu.

"Yes?" ikasema sauti ya mwanamke.

Hapo ndipo alipovaa, bila kukusudia, tabasamu la kazi.

"Hello, Madam! This is husband of Muthoki, from Kenya."

"Yes."

"Muthoki is fine."

"Yes," ikasema ile sauti polepole. "Fine."

"She is working. Too much work!" Matheka akacheka, cheko lile la kumlegeza mteja.

"Yes. Work."

"Her phone is spoiled."

"Yes, yes, the phone is broken." Hili lilikuja mbio, kama mtu aliyekuwa akivuka matope akaona jiwe la kukanyaga.

"She will call me next week."

"Inshallah. Next week."

"Thank you, Madam. You are a good woman."

Akakata. Jasho lilikuwa limemtoka mpaka kwenye kope. Mativo alikuwa ameacha msasa, anapiga makofi.

"Umemfunga kamba shingoni kama mbuzi wa Krismasi! Yes, yes, yes! Huyo ungemwuzia tembo asiye na mkonga, na angesema asante."

Matheka akacheka. Akashika tezo. Lakini mchana ule mti ulimsumbua. Alikuwa akichonga mguu wa swara, na mara mbili tezo ilipita pale ambapo haikuitwa.

*

Matheka anaishi mtaa wa Ziwani, katika nyumba zile za zamani za mawe zenye milango inayotazamana uani. Mlango unaotazamana na wa Matheka ni wa Truphena, ambaye watu wote humwita Mama Owiti. Alistaafu kwenye swichibodi ya simu ya kanso, yaani baraza la jiji. Simu zote zilipita masikioni mwake, za wakubwa na za walalamikaji wa maji, na kazi hiyo ilimwachia mambo mawili: mgongo ulionyooka kama rula, na tabia ya kusikiliza mpaka mwisho wa sentensi, jambo ambalo watu wengi hulichukulia kuwa ukali.

Muthoki alipoondoka alimwachia makopo yake ya sukuma wiki, yaliyopangwa kando ya ukuta. Jioni ile Matheka alimkuta ameketi kwenye kistuli karibu nayo, akichambua mboga za managu.

"Haya, Baba Wanza. Umempata huyo mwanamke?"

"Nimempata. Muthoki yuko sawa. Ni simu tu iliharibika."

"Nani amesema?"

"Madam mwenyewe."

"Amesema nini? Nataka maneno yake."

"Amesema yuko sawa."

"Amesema, au umesema wewe yeye akaitikia?"

Matheka akasimama pale pale, mfuko wa zana begani. Uani mtu alikuwa amefungua mfereji, na maji yakawa yanapiga sufuria tupu.

"Mimi nimekaa kwenye swichibodi mpaka masikio yakaota sugu," akasema Mama Owiti. "Mtu anapiga, anasema, 'Bwana mhandisi yuko ofisini.' Nikiitikia tu, nimedanganya bila kutoa uongo hata mmoja kinywani. Uongo ameuleta yeye, mimi nimempokelea mzigo. Hebu nirudishie hiyo simu yote. Neno kwa neno. Na usiniongezee chumvi."

Akamrudishia. Hakuwa na haja ya kukumbuka sana. Yalikuwa maneno yake mwenyewe. Alipofika mwisho, mikono ya Mama Owiti ilikuwa imetulia ndani ya mboga.

"Baba Wanza. Hiyo simu umeongea peke yako."

"Lakini alijibu."

"Aliitikia. Ni lipi alilolitoa yeye?"

Matheka akafikiri. Akaona kwa mara ya kwanza jinsi upande wa pili wa ile simu ulivyokuwa mtupu, kama banda lililohamwa. "La simu kuvunjika," akasema. "Hilo alilisema mbio."

"Na mengine?"

"Polepole."

"Basi simu kuvunjika ni kweli. Hayo mengine umemkabidhi, akashukuru. Wewe umemuuzia majibu, na hata hakuomba bei ipunguzwe."

Hakuwa akimcheka. Hilo ndilo lililomtisha Matheka. Akaketi kwenye kizingiti cha mlango wake.

"Mpigie tena," akasema Mama Owiti. "Leo hii, kabla hajajipanga."

"Nitamwambia nini?"

"Hutamwambia kitu. Utamwuliza."

Matheka akatazama mikono yake. Ilikuwa na weusi wa rangi ya viatu kwenye mikunjo, weusi usiotoka hata kwa mafuta ya taa. "Sijui kuuliza kwa Kiingereza," akasema. "Mpigie wewe."

"Mimi ni nani kwa Muthoki? Jirani. Ataniambia, 'Sorry, Mama,' akate. Wewe ni mumewe. Wewe hawezi kukukatia kirahisi. Haya, jaribu. Mwulize kama Muthoki yuko nyumbani kwake."

"She is in your house?" Akapandisha sauti mwishoni, jinsi tunavyouliza sote kwa Kiswahili. Na kwa Kiswahili ingetosha. Kila lugha ina mlango wake wa kuulizia: kuna zinazopandisha sauti, kuna zinazotanguliza neno dogo la kubisha hodi, kuna zinazoning'iniza kijineno mkiani. Kiingereza hupindua safu ya watu waliosimama, aliyekuwa nyuma akatangulia mbele.

"Hapo umemwambia tena, umeinua nyusi tu," akasema Mama Owiti. "Na nyusi hazionekani kwa simu. Sikiliza. Kiingereza ni kama ofisi zetu za kanso. Huingii moja kwa moja kwa mkubwa. Mlangoni kuna karani. Usipompitia karani, wewe huulizi, unapiga kelele kwa korido."

"Karani ndiye nani?"

"Ni ukoo mzima. Is na are na was. Do na does na did. Can, will, have. Kwa vitabu wanaitwa vitenzi visaidizi, lakini ukarani ndio kazi yao. Ukisema 'She is in your house', Muthoki yuko mbele, karani nyuma; mambo yamekwisha, umeshaketi, umeshaletewa chai. Ukitaka kuuliza, karani anatoka mbele. 'Is she in your house?' Sasa mlango uko wazi, na yule wa ndani lazima achague: ndiyo au hapana."

"Is she in your house," akasema Matheka. Ulimi ulikuwa mzito kama ubao mbichi.

"Tena."

"Is she in your house?"

"Sasa, anakula?"

"She eats…" Akatafuta karani ndani ya sentensi, hakumwona. "Hapa hakuna mtu mlangoni."

"Basi unaazima. Do ndiye kibarua wa kuazimwa. Lakini Muthoki ni mtu mmoja, si mimi wala wewe, kwa hivyo anakuja does."

"Does she eats?"

"La. Wewe unashinda Gikomba, umeona mikokoteni. Gunia likishapakiwa kwenye mkokoteni, kuna mtu anatembea kando amejitwika lile lile gunia?"

"Ni mwendawazimu tu."

"Ile s ndiyo gunia. Imeshapanda kwa does. Eat aende mikono mitupu."

"Does she eat?"

"Na jana, alikula?"

"Did she ate?"

"Baba Wanza!"

"Gunia," akasema Matheka haraka. "Jana imeshapanda kwa did. Did she eat?"

Mama Owiti akaitikia kwa kichwa, akasukuma karai la mboga pembeni kwa mguu. "Sasa mimi ni Madam. Simu inalia. Niulize."

"Hello, Madam. Is she in your house?"

"No," akasema Mama Owiti.

Matheka akapigwa na lile neno kifuani. Alijua kwamba ni mchezo, kwamba aliyemjibu alikuwa jirani yake mwenye vidole vya kijani kwa managu, lakini kinywa chake kilikuwa kimeshatoka mbio: "But she is coming back. She is gone to the shop."

"Umeuza tena!"

"Sikukusudia."

"Najua. Niulize upya."

Akauliza upya. Akauliza kama ni mgonjwa, kama analipwa haki yake, kama anaruhusiwa kutoka. Makarani walianza kumtii. Does alikwenda mahali pake, did akabeba gunia lake. Lakini kila Mama Owiti aliponyamaza badala ya kujibu, au alipojibu vibaya, Matheka alijikuta akijaza pengo kwa habari njema. Kiganja chake kilikuwa kimeloa. Giza lilianza kukusanyika kwenye pembe za ua, na wanawake wakaanza kuanua nguo.

"Kiingereza kimeshanyooka," Mama Owiti akasema mwishowe, kwa sauti ya chini, wengine wasisikie. "Sasa shida si Kiingereza. Wewe unaogopa jibu."

Matheka akakipangusa kile kiganja kwenye suruali.

"Mjomba wako alikufundisha nini mteja akinyamaza?"

"Alisema ukishataja bei, funga mdomo. Atakayesema kwanza ndiye atakayelipa."

"Basi nusu ya kazi unaijua tangu utoto. Uliza, kisha funga mdomo. Hata akinyamaza mpaka kesho."

*

Waliingia ndani kwa Matheka, kwa sababu uani kulikuwa na masikio mengi. Mama Owiti aliketi kwenye kiti cha Muthoki, kile chenye kitambaa alichokishona mwenyewe. Simu iliwekwa mezani, kwenye spika, ikiwa imeegemea kobe wa muhugu ambaye Matheka hakuwahi kummaliza.

Mara ya kwanza ililia mpaka ikakatika. Mara ya pili ilikatwa. Matheka akamtazama Mama Owiti, naye akaelekeza kidevu kwenye simu.

Mara ya tatu ikapokelewa.

"Madam, this is husband of Muthoki. Again."

"Yes, hello, hello, she is fine," ikasema ile sauti kwa haraka. "Work is good. Next week she will call you. Okay?"

Matheka akatambua bidhaa. Ilikuwa yake mwenyewe, ile ile aliyoiuza asubuhi kwenye banda, sasa inarudishwa kwake ikiwa imepigwa msasa. Na jinsi alivyotamani kuinunua! Angesema tu asante, akate, ale ugali wake. Kwa muda mfupi hakujua angefanya lipi.

"Madam," akasema. "Is she in your house?"

Kimya.

Huko mbali mtoto alikuwa analia, na mlango ukafungwa, na kilio kikawa chembamba. Hapa Ziwani kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi katika nyumba ya nyuma, ikirudia mstari mmoja. Maneno yalimjaa Matheka mdomoni kama mate. She is sleeping. She is at the market. She is with the children. Yote yalikuwa tayari, yamepakwa rangi, yanang'aa. Mama Owiti akanyoosha mkono akamshika kifundo cha mkono, si kwa upole.

Matheka alifunga mdomo.

"In my house," ikasema sauti, ikasita. "No."

Kwa maisha yake yote ya kazi alikuwa ameikwepa hapana hii. Sasa ilikuwa imeingia, imesimama katikati ya chumba. Na ajabu ni kwamba hakufa. Alibaki ameketi, mgongo umeloa, na swali la pili likatoka lenyewe.

"Where is she?"

Kisha pumzi nzito, ya mtu anayetua kitu. "Hospital."

Mama Owiti akafumba macho.

"Did she…" Akapotea. Alikuwa na karani mlangoni na hakuwa na la kumtuma. Aliugua? Alipigwa? Alianguka? Kila kitenzi kilikuja na picha yake, na alizipita moja baada ya nyingine kama mtu anayetambua maiti. "Did she fall?"

"Yes. Fall. From the ladder, the window of kitchen. The phone was in her pocket. The leg is broken, up, here." Alikuwa akionyesha, bila shaka, mguu wake mwenyewe, peke yake, mahali wasipoweza kumwona. "They make operation. I pay everything. I am not bad person."

"When did she fall?"

"Friday. Not this one. The other."

Ijumaa ya kwanza ya kimya. Ile Ijumaa Matheka alikuwa amemkasirikia mkewe, akamwambia Mativo kwamba wanawake wakionja ndege husahau.

"Can she talk?"

"She talk, she talk. All day she cry. She don't know your number in her head, it was in the phone."

"Madam." Sauti yake ilikuwa imeshuka, imekuwa sauti ya mtu asiyeuza chochote. "I called you in the morning. Why did you not tell me?"

Safari hii kimya hakikuwa kirefu. Mwanamke yule alijibu kama mtu aliyekuwa akilisubiri swali hilo mchana kutwa, na ndani ya jibu lake kulikuwa na hasira, na aibu iliyo chini ya hasira.

"You call me, you say she is fine. You laugh. I think, maybe the agency tell him already, maybe he know, he is happy. I am afraid to say. You talk, talk, talk. You don't ask! So I say yes."

Kwaya ilikuwa imenyamaza. Matheka akatazama kobe asiyemalizika, magamba yake upande mmoja yakiwa yamekatwa vizuri na upande wa pili ni gogo tu.

"It is true," akasema. "I did not ask."

Madam akasema angetuma namba ya wodi. Akalirudia hilo, kisha akasema samahani, kwa Kiarabu kwanza halafu kwa Kiingereza. Simu ikakatika.

Walingoja namba. Mama Owiti alikuwa anasogeza midomo. Matheka alidhani anasali, naye pengine alikuwa anasali. Simu ilipolia mlio wa ujumbe, wote wawili walishtuka kama wezi.

Nesi aliyepokea alikuwa na Kiingereza cha watu wa kwingine kabisa, chenye kuimbaimba, na haraka za mtu aliyeacha kitu jikoni. Matheka akamwambia jina la Muthoki, herufi kwa herufi. Kisha: "Can I speak to her?"

"Hold on, sir."

Hata katika hali ile Mama Owiti hakuweza kujizuia. "Hapo karani ametoka vizuri," akanong'ona.

Kulisikika viatu vya mpira, magurudumu, mtu akikohoa. Kisha kitu kikakwaruza, na sauti ambayo Matheka angeitambua ndani ya kisima ikasema kwa Kikamba, polepole, kama isiyoamini:

"Matheka? Ni wewe?"

"Ni mimi."

Akaanza kulia huko. Matheka akasikia kilio, na mazoea ya miaka yote yakaja mbio kumsaidia. "Usilie. Utapona upesi. Mguu ni kitu kidogo. Madam ni mtu mzuri, amelipa kila kitu, ukipona utarudi kazini, mkataba hauko mbali kuisha, na Wanza anaendelea vizuri shuleni, wewe—"

Akasikia kwamba Muthoki ameacha kulia. Alikuwa anaitikia. "Mm," Muthoki alikuwa akisema, katika kila kituo. "Mm. Mm."

Matheka akakatiza maneno yake katikati.

Aliijua hiyo "mm". Aliisikia katika chumba hiki hiki, akiwa ameketi kwenye kiti hiki hiki, ile jioni alipoleta habari za wakala. Alikuwa amemwambia: Utaenda. Utapapenda. Watu wa huko ni wakarimu, na miaka miwili si kitu. Na Muthoki, kwenye kiti chake chenye kitambaa, alikuwa ameitikia kwa kichwa, polepole, kama wale wageni wa bandani. Naye alikuwa amelihesabu hilo kuwa ndiyo. Alikuwa amemsindikiza mpaka uwanja wa ndege juu ya ndiyo hiyo.

Kikamba hakina haja ya karani mlangoni. Swali hili angeliweza wakati wowote.

"Muthoki," akasema. "Unataka kurudi nyumbani?"

Kimya.

Mama Owiti hakuwa anaelewa Kikamba sawasawa, ingawa alikuwa ameishi ukuta kwa ukuta na Wakamba maisha yake yote. Lakini swali alilitambua kwa kile kimya kilicholifuata. Akaamka taratibu, akachukua kijikopo cha maji kilichokuwa mlangoni, akatoka nje.

Matheka alingoja. Aliona vidole vyake vikitafuta kitu juu ya meza, vikampata kobe, vikamshika. Alijua mambo ambayo angeweza kusema: kwamba mkataba bado, kwamba karo ya Wanza, kwamba biashara ya vinyago si kama zamani. Yote yalikuwa kweli, na yote yalikuwa bei. Hakutaja hata moja. Huko mbali mashine ya mgonjwa mwingine ilikuwa inalia pii, pii, na pumzi ya mkewe ilikuwa inaingia na kutoka karibu kabisa na sikio lake.

"Sasa ndiyo unaniuliza," akasema Muthoki.

Matheka akaendelea kumshika kobe.

"Nataka," akasema. "Mguu ukishashika, niweze kupanda ngazi ya ndege. Nataka kurudi, Matheka. Nilitaka tangu mwezi wa kwanza."

"Sawa," akasema. "Sawa. Rudi." Halafu, kwa sababu mlango ulikuwa umeshafunguliwa na hakutaka ujifunge: "Unaumwa sana?"

Akaanza kumwambia. Alimwambia juu ya ngazi, na maji ya sabuni, na jinsi alivyolala sakafuni akitazama dari na kusikia mapacha wakicheka katuni chumba cha pili. Alimwambia mambo ya mwaka uliopita ambayo Ijumaa zote zile hakuyagusa. Matheka alisikiliza mpaka mwisho wa kila sentensi. Ilipokwisha moja, aliuliza swali jingine.

Kutoka uani ikaja sauti ya Mama Owiti, kali, ya mtu aliyezoea laini mbaya: "Mwulize kama hii sukuma yake niing'oe nipande nyingine! Imekuwa ndefu kama mlingoti!"

Matheka akauliza.

Kulikuwa na pengo dogo, kisha kitu kilichofanana na cheko, kikakatizwa na maumivu, kikaendelea.

"Mwambie achume majani tu, asing'oe," Muthoki akasema. "Nakuja kuing'oa mwenyewe."